Jibu Bila Sababu: Maoni juu ya Ufundishaji wa Hisabati

Msafiri afikaye Tinde akitokea Nzega hana budi kuchagua njia. Barabara moja inaendelea kaskazini kwenda Shinyanga na Mwanza. Nyingine inageuka magharibi kwenda Isaka na Kahama, kisha huendelea hadi kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Madereva wa malori wapitao hapo mchana na usiku hawageuki kushoto eti kwa sababu jana waligeuka kushoto. Hugeuka kwa kuwa wanajua waendako na wanajua njia ile inafika wapi.

Tuyatumie malori hayo kutunga swali la darasani. Lori limekwenda kutoka Tinde hadi mji fulani kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, maana lilikuwa na mzigo. Likarudi tupu kwa njia ile ile, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendo wake kwa safari nzima.

Mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza swali la namna hii analijua jibu litakalotangulia. Sehemu kubwa ya darasa itajumlisha 40 na 60, itagawanya kwa 2, na itasema 50. Jibu hilo si sahihi. Lakini kinachonisumbua mimi si kosa lenyewe. Kinachonisumbua ni lile linalofuata. Mwalimu huandika ubaoni kanuni iliyo sahihi, wanafunzi huinakili, na baada ya juma moja, swali likibadilishwa kidogo, kosa lile lile hurudi. Wanafunzi wamepokea jibu la mwalimu, lakini hawakuipokea sababu yake.

Katika makala haya nataka kutetea jambo moja. Hatua za kutatua swali la hisabati ni hoja. Kila hatua inadai sababu, na sababu hiyo yapasa iweze kusemwa kwa maneno, katika lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, kabla ya kuandikwa kwa alama. Hatua isiyo na sababu ni kama shahidi aliyesimama mahakamani akakataa kusema.

Turudi kwenye lori letu

Wastani wa mwendo ni nini? Ni umbali wote uliosafiriwa, ukagawanywa kwa muda wote uliotumika. Hiyo ndiyo maana yake, na kila kitu hutoka hapo. Swali halikutupa umbali wala muda. Basi tuanze kwa kuchukua umbali wowote ulio rahisi, tuseme kilometa 120.

Hatua ya kwanza: kwenda, kilometa 120 kwa mwendo wa 40 kwa saa, ni saa 3. Hatua ya pili: kurudi, kilometa 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa, ni saa 2. Hatua ya tatu: umbali wote ni kilometa 240, na muda wote ni saa 5. Hatua ya nne: 240 ikigawanywa kwa 5 ni 48. Wastani wa mwendo ni kilometa 48 kwa saa.

Mwanafunzi mwenye akili ya kuhoji atauliza: je, kama mji ule uko umbali mwingine, jibu litabadilika? Hilo ni swali zuri kuliko lile la kwanza, na hapa ndipo aljebra inapoonyesha kazi yake. Tuuite umbali huo d. Muda wa kwenda ni d/40, na muda wa kurudi ni d/60. Tukizipa sehemu hizi asili moja, yaani 120, tunapata 3d/120 na 2d/120, na jumla yake ni 5d/120, ambayo ni sawa na d/24. Umbali wote ni 2d. Sasa 2d tukiigawanya kwa d/24 tunapata 48. Herufi d imetoweka yenyewe, na kutoweka kwake ndilo jibu la yule aliyeuliza: umbali uwe wowote, wastani ni 48.

Bado kuna sababu moja ambayo haiko katika hesabu hizi, nayo ndiyo itakayobaki kichwani mwa mwanafunzi hata miaka kumi baadaye. Kwa nini 48 na si 50? Kwa sababu lori lilitumia saa 3 likienda polepole, na saa 2 tu likienda upesi. Mwendo wa polepole ulichukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo unauvuta wastani upande wake. Mwanafunzi awezaye kuisema sentensi hiyo kwa maneno yake mwenyewe hatasema 50 tena.

Kanuni zinazokaririwa

Mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania hufundishwa neno MAGAZIJUTO, ili akumbuke mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno lililobuniwa kwa ustadi, na limewasaidia wengi. Lakini mpe mwanafunzi aliyelikariri bila sababu swali hili: 10 − 4 + 3. Neno linasema jumlisha kabla ya kutoa. Basi atajumlisha 4 na 3 apate 7, kisha atatoa 7 katika 10, apate 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, na vinapokutana bila mabano hutendwa kwa kufuata mfuatano wao kutoka kushoto. Mtu mwenye shilingi 10 akatumia 4, kisha akapewa 3, ana shilingi 9, na hakuna muuza duka wa Tinde atakayekosea hesabu hiyo. Yule yule mtoto anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili ndiye anayekosa darasani, kwa sababu darasani ameacha kufikiri akalitii neno.

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi wa sekondari. Katika mlinganyo 3x + 7 = 25, wengi wamefundishwa kwamba 7 ikivuka upande wa pili hubadili alama. Wanaandika 3x = 25 − 7, yaani 3x = 18. Mpaka hapo wamepata. Kisha wanafika kwenye 3x = 18, na wale waliokariri kuvuka na kubadili alama wanaandika x = 18 − 3, au hata x = 18/−3. Hawa si wajinga. Wametii kanuni waliyopewa, na kanuni hiyo haikuwaambia kwa nini alama ilibadilika.

Sababu yenyewe iko katika kila kituo cha kununulia pamba cha Usukumani, nayo ni mizani. Alama ya sawasawa husema kwamba pande mbili zimelingana kama mizani iliyotulia. Ukipunguza uzito upande mmoja, sharti upunguze uzito ule ule upande wa pili, la sivyo mizani itainama. Kwa hiyo hakuna kitu kilichovuka. Tumetoa 7 upande wa kushoto, tukatoa 7 upande wa kulia, na kikabaki 3x = 18. Sasa upande wa kushoto una mafungu matatu yaliyo sawa, na kwa pamoja yana uzito wa 18. Fungu moja lina uzito gani? Tunagawanya kila upande kwa 3, na x ni 6. Kisha tunahakikisha: mara 3 ya 6 ni 18, ukiongeza 7 ni 25. Mizani imetulia.

Swali kutoka ukanda wa dhahabu

Nchi iliyo kaskazini na magharibi ya Tinde, kuanzia Kahama hadi Geita, inajulikana kwa dhahabu yake. Basi tuchukue swali ambalo sonara hukutana nalo. Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, na dhahabu safi ni karati 24. Tukisema pete ni ya karati 18, maana yake katika kila sehemu 24 za uzito wake, sehemu 18 ni dhahabu na 6 zilizobaki ni madini mengine. Sonara ana gramu 8 za dhahabu ya karati 18. Je, aongeze gramu ngapi za dhahabu safi ili apate mchanganyiko wa karati 20?

Nimechagua swali hili kwa makusudi, maana halifanani na mfano wowote ambao mwanafunzi ameukariri. Mwenye kutafuta kanuni ya kubandika atakwama. Mwenye kuuliza sababu atapata pa kuanzia.

Tuulize kwanza: tuna nini mkononi? Katika gramu 8, dhahabu halisi ni sehemu 18 za 24, yaani robo tatu. Robo tatu ya 8 ni gramu 6. Tunatafuta nini? Kiasi cha dhahabu safi cha kuongeza, tukiite x. Baada ya kuongeza, dhahabu itakuwa gramu 6 + x.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika kwamba 6 + x ikigawanywa kwa 8 iwe sawa na 20/24, na wanapata x kuwa theluthi mbili za gramu. Wamesahau kwamba dhahabu iliyoongezwa imeongeza pia uzito wa mchanganyiko mzima. Mchanganyiko si gramu 8 tena. Ni gramu 8 + x. Mwalimu asilifute kosa hili haraka. Na alijaribu mbele ya darasa: ukiongeza theluthi mbili za gramu, usafi unakuwa karati 18 na nusu hivi, haufiki 20. Kosa limejifichua lenyewe, na mwanafunzi ameona kwamba hesabu ina uwezo wa kumsahihisha hata mwalimu akiwa hayupo.

Tuendelee kwa njia sahihi. Sehemu 20 za 24 ni sawa na 5/6. Kwa hiyo 6 + x, ikigawanywa kwa 8 + x, sharti iwe 5/6. Ili kuondoa sehemu, tunazidisha kila upande wa mizani kwa 6 na kwa 8 + x. Tunapata 6(6 + x) = 5(8 + x). Tunafungua mabano: 36 + 6x = 40 + 5x. Tunatoa 5x kila upande: 36 + x = 40. Tunatoa 36 kila upande: x = 4.

Tusimalizie hapo. Gramu 6 na gramu 4 ni gramu 10 za dhahabu, katika mchanganyiko wa gramu 12. Kumi katika kumi na mbili ni sawa na 20 katika 24. Jibu limethibitika: sonara aongeze gramu 4.

Kuhakikisha huku ndiyo hatua inayoachwa mara nyingi kuliko zote. Mtaalamu wa hisabati George Pólya, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1945 juu ya namna ya kutatua maswali, aliigawa kazi hii katika ngazi nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, kisha kuangalia nyuma. Darasani mwetu ngazi ya tatu ndiyo inayokula karibu muda wote. Ngazi ya kwanza huonekana kama kupoteza wakati, na ya nne hukatizwa na kengele.

Juu ya lugha

Wapo watakaosema kwamba hisabati ni alama, na alama hazina lugha. Historia haikubaliani nao. Mwanzoni mwa karne ya 9, mjini Baghdad, Al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho katika jina lake ndimo lilimotoka neno aljebra. Neno lenyewe, al-jabr, lina maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika. Katika kitabu kile hamna x wala alama ya sawasawa. Milinganyo yote imeelezwa kwa maneno ya Kiarabu, hatua kwa hatua, na hata namba zimeandikwa kwa maneno. Alama tunazozitumia leo zilikuja karne nyingi baadaye, zikiwa ufupisho wa maneno ambayo watu walikuwa wameyaelewa.

Mwanafunzi wa Tinde hupewa ufupisho kabla ya maneno. Nyumbani wengi husema Kisukuma. Katika shule nyingi za msingi amefundishwa kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza anafundishwa hisabati kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake ungali unaendelea. Sitaki kuurudia mjadala wote hapa. Nasema hili tu: lugha ya mtihani iwe iwayo, hakuna kinachomzuia mwalimu kumwuliza mwanafunzi, kwa Kiswahili, kwa nini umetoa 5x pande zote mbili? Na hakuna kinachomzuia mwanafunzi kujibu kwa Kiswahili, kisha akaandika kwa Kiingereza. Atakayeielewa sababu atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Asiyeielewa atabaki na jina peke yake.

Juu ya hofu

Mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba mkoani Tanga, Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka katika jokofu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Aliuliza sababu akachekwa. Baadaye alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wakaandika pamoja makala iliyochapishwa mwaka 1969. Hadi leo wanasayansi wanajadili jambo hilo, na jina la Mpemba linajulikana duniani. Yasiyokumbukwa na wengi ni aliyoyasimulia Mpemba mwenyewe katika makala ile: kwamba baada ya kuuliza swali lake, kila alipokosea hata kusoma jedwali la logarithi, kosa hilo liliitwa hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaupokea msemo huo.

Mpemba alikuwa na moyo mgumu. Wangapi hawana? Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2021 na 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban mtahiniwa mmoja katika watano. Siwezi kudai kwamba hofu ndiyo sababu ya yote haya. Upungufu wa walimu na vitabu unajulikana. Lakini darasa ambamo kosa huchekwa ni darasa ambamo hatua hufichwa. Mwanafunzi atanakili jibu la jirani na kunyamaza, na mwalimu hatapata kujua mahali njia ilipopotea.

Naisikia hoja ya walimu wenzangu: muhtasari wa somo ni mrefu, darasa lina wanafunzi wengi, na mtihani hausubiri. Hoja hii ni ya kweli, nami siipuuzi. Lakini tuihesabu kama tunavyohesabu mengine. Mwalimu atatuaye maswali kumi ubaoni kwa kipindi kimoja, yakasahauliwa juma lifuatalo, itambidi ayarudie. Mwalimu atatuaye matatu, kila hatua ikiwa imetolewa sababu na mwanafunzi mwenyewe, hatayarudia. Isitoshe, msahihishaji wa mtihani hutoa alama kwa hatua na si kwa jibu peke yake. Mwanafunzi mwenye njia iliyo wazi, hata akikosea kujumlisha mwishoni, haondoki mikono mitupu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, katika daftari la hisabati, mwanafunzi apige mstari wa wima kugawa ukurasa mara mbili: kushoto aandike hatua, kulia aandike sababu yake kwa maneno machache. Pili, kila juma mwalimu achague kosa moja lililofanywa na wengi, aliandike ubaoni bila kutaja jina la mtu, na darasa litafute ni hatua ipi iliyokosa sababu. Tatu, swali lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka jibu limerudishwa ndani ya swali na kuthibitika.

Wazee wachezao bao chini ya mti hawachezi kwa kukariri mchezo wa jana. Kabla ya kugusa kete, mchezaji huhesabu mashimo, huona zitakapoishia, na akiulizwa kwa nini amechagua shimo lile na si jingine, ana jibu. Wanafunzi wetu ni watoto na wajukuu wa wazee hao.

Namwachia msomaji swali moja la kulifanyia kazi kwa njia tuliyoieleza. Kabla ya mavuno, bei ya gunia la mpunga ilipanda kwa asilimia 20. Baada ya mavuno bei hiyo mpya ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi pale ilipoanzia? Mwalimu akilitoa swali hili darasani, asikubali jibu la ndiyo au hapana, wala asikubali namba peke yake. Adai sentensi moja inayoanza na maneno kwa sababu.